Pua Bapa, Mdomo Uliobanwa: Kujaza Risasi za Bunduki ya Wenzo

MWANAIDI: Haya, karibuni. Leo Kassim hataki salamu ndefu, naona ameshika ganda la risasi mkononi kama tasbihi. Kaka, waeleze wasikilizaji mchezo wenyewe kwanza, kujaza risasi, yaani kujitengenezea risasi upya kwa maganda yaliyokwisha kupigwa, baadaye.

KASSIM: Ahsante, dada. Mchezo ulitoka Meksiko. Ni kupiga kwa bunduki sanamu bapa za chuma zilizokatwa kwa maumbo ya wanyama wanne: kuku, nguruwe, bata mzinga na kondoo dume. Kwenye mashindano ya bunduki za wenzo, kuku wako mita 50, nguruwe 100, bata mzinga 150, kondoo 200. Unapiga umesimama, huegemei chochote. Na kugusa tu hakutoshi, mpaka mnyama aanguke.

MWANAIDI: Yaani nimpige kondoo, ngoma ilie, halafu abaki amesimama?

KASSIM: Umekosa. Kwa hiyo risasi yako inatakiwa ilenge vizuri na bado iwe na nguvu ya kumsukuma ikifika mita 200. Nyepesi mno, kondoo anakucheka.

MWANAIDI: Na kwa asiyeijua bunduki ya wenzo: ni ile yenye mkono wa chuma chini ya kitriga. Unaushusha, ganda tupu linaruka nje. Unaurudisha, risasi nyingine inaingia. Winchester ya mwaka 1894 aliyoibuni John Browning, Marlin 336 ya 1948, ndio ukoo huo. Sasa niambie, za dukani zina ubaya gani?

KASSIM: Hazina ubaya. Ila zimetengenezwa kwa bunduki zote, wewe unayo moja. Ukijaza mwenyewe unatafuta kiasi ambacho mtutu wako unakipenda, halafu unakirudia kilekile kila mara. Vilevile mtu anayepiga amesimama hahitaji teke la bega la mwindaji. Na ganda la shaba linatumika tena na tena. Kinachoungua ni baruti na fataki, kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti. Kinachoondoka ni kichwa, kile kipande cha mbele kinachoruka kwenda kwenye shabaha.

MWANAIDI: Wengi hapo huuliza, "Niweke baruti kiasi gani?"

KASSIM: Ndiyo, na mimi nawaambia swali la kwanza ni bomba. Bunduki nyingi za wenzo hubeba risasi kwenye bomba chini ya mtutu, zimepangwa mstari mmoja. Pua ya risasi ya nyuma inagusa kitako cha iliyo mbele yake, palepale ilipo fataki. Ukiweka pua yenye ncha kali, umeweka msumari juu ya fataki. Bunduki ikirudi nyuma kwa teke, msumari unagonga.

MWANAIDI: Ndiyo maana pua ni bapa.

KASSIM: Bapa, au duara pana. Hornady walileta vichwa vyenye ncha laini inayonepa kwa ajili hiyohiyo, lakini ncha ya kawaida ya shaba au ya madini ya risasi matupu, hapana. Na mita 200 za mchezo huu pua bapa inatosha kabisa. Watu wanalilia ncha kali kama wanakwenda kupiga kilomita.

MWANAIDI: Halafu spiringi ya bomba inasukuma muda wote.

KASSIM: Hapo ndipo penye kazi. Spiringi inasukuma, teke linasukuma, na kichwa kinaweza kudidimia ndani ya ganda. Kikididimia, nafasi ya baruti inapungua, shinikizo linapanda. Dawa yake ni kubana mdomo wa ganda uingie kwenye ule mfereji mdogo uliochongwa kuzunguka kichwa. Lakini mbano wako hauwezi kuwa sawa kama maganda hayana urefu sawa. Lililo refu linabanwa hadi shingo inavimba, risasi inakataa kuingia kwenye chemba, kile chumba cha nyuma ya mtutu inapokaa ikipigwa. Fupi halibanwi, linabaki limeguswa tu. Kwa hiyo kata maganda yote urefu mmoja kabla hujagusa baruti.

MWANAIDI: Mimi kukata maganda ndiyo kazi ninayoichukia kuliko zote, nakiri.

KASSIM: Weka redio. Jambo jingine ni urefu wa risasi nzima. Winchester ya 1873, kwa mfano, inanyanyua risasi kwa kitalu, kipande cha chuma kinachopanda wima. Risasi ikiwa ndefu mno, kitalu hakipandi. Ikiwa fupi mno, ile inayofuata inachungulia ndani na kukizuia. Kwingine bunduki inavumilia kidogo, hiyo haivumilii.

MWANAIDI: Tuseme na kurudisha umbo la ganda, maana likipigwa huvimba. Mwenye bunduki ya bolti, ile ya komeo la kusukuma na kuvuta kwa mkono, mara nyingi hunyoosha shingo tu.

KASSIM: Kwa wenzo, pitisha ganda lote kwenye kalibu, ile fomu ya chuma inayolibana lirudi umbo lake, kuanzia mdomoni hadi karibu na kitako. Mkono wa wenzo hauna nguvu ya bolti ya kusukumia ganda lililovimba. Na nyingi, kama hiyo ya 1894, komeo lake hufunga kwa nyuma, mbali na ganda, kwa hiyo chuma kinanyumbuka kidogo na ganda linarefuka kila unapopiga. Chukua waya mwembamba, upinde ncha, uingize ndani ya ganda ukikwaruza kutoka kitakoni kwenda juu. Ncha ikizama kwenye mfereji juu kidogo ya kitako, hapo chuma kimeshakuwa chembamba. Tupa. Nje wakati mwingine utaona pete inayong'aa mahali hapohapo.

MWANAIDI: Sasa baruti, maana utaulizwa tu.

KASSIM: Kitabu cha kipimo cha watengenezaji, toleo la karibuni. Unaanza kiwango cha chini, unapanda taratibu, na hubadilishi fataki au kichwa bila kurudi chini tena. Kipimo ni greni. Greni moja ni gramu 0.065 hivi. Na jina la risasi si kipimo! .45-70 ya 1873 ilibeba greni 70 za baruti nyeusi. Ukiweka greni 70 za baruti isiyo na moshi unaipasua bunduki.

MWANAIDI: Na ganda lenyewe ni kubwa, baruti ya kisasa inaweza isifike hata nusu. Mtu akijaza mara mbili hajui.

KASSIM: Chagua baruti yenye ujazo mkubwa, inayomwagika ukijaribu kuirudia. Kisha panga maganda yote kwenye kibao chenye matundu, mulika tochi, kagua kina kimoja kimoja kabla ya kuweka kichwa. Mezani chupa moja tu ya baruti.

MWANAIDI: Mimi hujaza aina mbili, laini ya kuku na nzito ya kondoo.

KASSIM: Mimi sikubaliani. Aina mbili maana yake mipangilio miwili ya kulengea, na siku ya mashindano utaichanganya.

MWANAIDI: Visanduku viwili vya rangi tofauti, kaka. Bega langu linashukuru. Na nikimaliza kushika vichwa vya madini ya risasi matupu naosha mikono kwa sabuni, sili mezani pale.

KASSIM: Hapo kwenye sabuni sikupingi. Lakini kabla hujaenda kushindana na chochote, nzito au laini, fanya hivi. Pima urefu wa risasi moja kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, iingize ya kwanza kwenye bomba ili itoke ya mwisho. Jaza nyingine juu yake, zipige. Kisha itoe ile na uipime tena.

MWANAIDI: Ikiwa imefupika?

KASSIM: Mbano ni dhaifu, rudi kwenye kalibu. Na zote zilizobaki za kundi hilo zifungue kwa nyundo ya kuchomolea vichwa.