Namba ya Kwenye Boksi Si Kipimo

Mazungumzo na mafundi wa pikipiki na kwodi, Jinja

Habari za asubuhi wazee wangu, na nyinyi vijana mliokuja na ovaroli zenu. Wa Mbale nimewasikia kabla sijawaona. Nitasema Kiswahili, maana tukianza Kiluganda, wa Busia na wa Arua watabaki wanatazama dari. (Kicheko.)

Nimekuja na pistoni moja, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda. Ni ya kwodi, pikipiki ya magurudumu manne, ya Honda ile ya familia ya 250, ambayo kwa kweli injini yake ni cc 229: upana wa silinda milimita 68.5, mwendo wa pistoni 62.2. Hii si ya kiwandani, ni ya kampuni nyingine, na ni ya kufuliwa kama mhunzi anavyofua jembe, si ya kumiminwa kwenye kalibu. Kwenye boksi imeandikwa 68.75, yaani ovasaizi ya kwanza, hatua moja juu ya saizi ya kiwandani. Kijana mwenye kofia nyekundu, njoo na maikromita, kile kipimo cha unene. Pima.

(Anapima.) Anasema 68.31. Haya, wewe wa nyuma, pima pia. Anasema 68.52. Pistoni moja, mafundi wawili, namba mbili, na hakuna aliyedanganya. Wa kwanza amepima juu, kwenye kofia ya pistoni, karibu na mahali pa ringi, zile pete zake. Pale pistoni imefanywa nyembamba kwa makusudi, kwa sababu ndipo moto unapopiga na ndipo inapovimba zaidi. Wa pili amepima sketi, yaani ukuta wa chini wa pistoni, lakini amefuata mstari wa pini inayoishika pistoni na mkono wake. Pistoni si duara, jamani. Ina umbo la yai kidogo: nyembamba upande wa pini, pana upande wa pili. Unapima kwenye sketi, ukiikata pini kama msalaba, na kwa urefu ule ulioandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Tupime pale. (Anapima mwenyewe.) 68.73.

Hiyo ndiyo pistoni. Ile 68.75 ni jina lake. Wako watengenezaji wanaoandika ukubwa wa silinda unayotakiwa kuchonga, yaani kuipanua kwa mashine, na wako wanaoandika ukubwa wa pistoni yenyewe, na boksi halikwambii ni yupi kati yao.

Sasa niwaambie jinsi nilivyojifunza, maana sikujifunza darasani. Kwodi moja ya watalii kule Bujagali ilikuwa inakula oili. Maporomoko yenyewe yalishamezwa na bwawa, lakini vumbi jekundu limebaki, na kwodi zinaendeshwa kwa msururu, kila mmoja anavuta vumbi la mwenzake. Filta ikikauka miezi miwili, silinda inasagika kama mahindi. Nikaagiza pistoni Kampala. Mwenye kwodi ana haraka, watalii wanakuja Jumamosi. Pistoni bado iko kwenye basi, mimi nampigia simu fundi wa kuchonga: "Nitolee 68.75 kamili." Akanitolea 68.75 kamili, kazi safi, sina neno naye. Boksi likafika saa tisa. Ile karatasi ya ndani nikafutia mikono.

Injini iliwaka mara moja. Ikalia vizuri. Dakika kumi hivi, kwenye mlima wa kurudi kutoka mtoni, ikanoki, pistoni ikakwama ndani ya silinda. Ilipopoa ikazunguka tena, na hapo ndipo wengi wetu tunasema "ni oili tu" na kuwasha upya. Nikafungua. Kwenye sketi kulikuwa na mikwaruzo minne, miwili kila upande, pembeni ya matundu ya pini. Kumbukeni picha hiyo. Mikwaruzo minne namna hiyo maana yake pistoni ilipata moto na kuvimba haraka kuliko silinda. Aluminiamu huvimba karibu mara mbili ya chuma cha silinda, na pistoni ya kufuliwa huvimba zaidi ya ile ya kumiminwa. Nilikuwa nimeipa nafasi ya milimita 0.02 kati yake na silinda. Karatasi, nilipoiokota na kuikunjua na grisi yake, ilitaka 0.05.

Unywele wa kichwa una unene wa karibu 0.07. Kwa hiyo niliua pistoni ya watu kwa chini ya nusu unywele.

Tangu siku hiyo silinda yangu haichongwi kabla pistoni haijafika mkononi. Fundi wa mashine nampelekea vyote viwili pamoja na karatasi, na namwambia nafasi ninayotaka, simwambii ukubwa. Silinda ikirudi naipima juu, katikati na chini, kisha nageuza geji ya kupimia ndani robo duara na kupima tena, kwa sababu inaweza kuwa pana juu na nyembamba chini. Halafu naiosha kwa maji ya moto na sabuni. Siyo petroli! Petroli inaondoa mafuta tu, unga wa mawe ya kusugulia silinda unabaki kwenye mistari ya ukuta wake. Naosha mpaka kitambaa cheupe kikipita kitoke cheupe, ndipo napaka oili hapohapo kabla kutu haijaanza.

Ringi, kwa ufupi: iingize ndani ya silinda peke yake, isukume kwa pistoni ili ilale sawa, pima pengo la ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia. Kama huna karatasi, ringi ya juu ianzie 0.1 kwa kila milimita 25 za silinda. Kwa hii inakuja karibu 0.27. Ncha zikigusana injini ikipata moto, ringi haina pa kwenda, inakwaruza ukuta au inavunjika. Maandishi ya ringi yatazame juu. Kwenye Honda, "IN" ya pistoni itazame upande wa kabureta. Klipu za pini ni mpya, kila mara.

Kuna lingine linalowachanganya watu: pistoni inaingia vizuri, lakini ukizungusha kwa mkono inagoma juu kabisa. Hapo usilaumu sketi. Pima kutoka katikati ya pini mpaka kofia, linganisha na pistoni ya zamani. Ikiwa ndefu, inagonga hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, au valvu. Mimi naweka udongo laini wa watoto wa shule kwenye kofia, nafunga hedi na gasketi yake, nazungusha krankishafti mizunguko miwili kwa mkono, nafungua na kukata ule udongo kwa wembe. Nikikuta chini ya milimita moja, siwashi.

Swali? Ndiyo, mama.

(Anauliza: pistoni ikibana, kwa nini tusiisugue kwa msasa, kama mafundi wanavyofanya kwenye pikipiki za Boxer?)

Wanafanya, nimewaona, na wengine wako humu ndani. (Kicheko.) Ukiisugua kwa msasa unaharibu lile umbo la yai tulilopima sasa hivi, na kama sketi ilipakwa rangi nyeusi ya kulainisha, unaitoa. Mkono wako hauwezi kuondoa 0.03 sawasawa pande zote. Honi ya fundi wa mashine, yale mawe yake ya kusugulia silinda, inaweza kuiondoa kwenye silinda. Ile kwodi ya Bujagali nilinunua pistoni nyingine kwa pesa yangu, ikapima 68.73, silinda ikarudi ikafikishwa 68.78. Mwenye kwodi Jumamosi aliikosa, na watalii wake wakapanda za jirani.