Daftari la dispansari ya kampuni

Ndugu zangu, baba na mama, wajumbe wa sendika, yaani vyama vya wafanyakazi, mliotoka Likasi na Kipushi kuja hapa Lubumbashi, asanteni kwa kufika.

Mji huu unaijua vizuri dispansari ya kampuni. Tangu enzi ya kampuni ya migodi ya Union Minière, na baadaye Gécamines, watoto wengi wa hapa walizaliwa katika hospitali ya kampuni, na baba akiumia kazini alitibiwa hukohuko. Mwaka 2003, wafanyakazi kama 10,000 wa Gécamines walipoondoka, familia zao zilipoteza mshahara na munganga, yaani daktari, kwa pamoja. Kwa hiyo sitakuja hapa kuwaambia dispansari hizi zifungwe. Nataka ziwekewe masharti, hasa juu ya nani anaandika nini mtu anapoumia.

Sheria ya Kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi na familia yake: dawa, upasuaji, kitanda cha hospitali. Fidia iko kwa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Mchango wa ajali na magonjwa ya kazi, asilimia 1.5, hutolewa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi kitu. Lakini ajali isiyotangazwa, CNSS itailipaje?

Nimewahi kuona daftari la dispansari ya kampuni moja. Kijana alikuwa amesagwa vidole viwili na mkanda wa konveya. Munganga alisafisha kidonda, akashona, akamchoma sindano ya pepopunda, na mshono ulikuwa safi kabisa. Kisha akaandika: "Jeraha dogo, apewe kazi nyepesi." Jina la mashine halikuandikwa. Kesho yake kijana aliketishwa kwenye kiti karibu na geti, mkono umefungwa bendeji, hafanyi chochote kutwa nzima, mradi tu ahesabiwe yuko kazini na ubao wa siku zisizo na ajali usirudi sifuri. Vidole vilipokataa kukunjika, hakuwa na karatasi hata moja ya kupeleka popote.

Simlaumu sana yule munganga. Anayemlipa ndiye asiyetaka ajali iandikwe. Ndiyo maana Mkataba namba 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1985, unataka wahudumu wa afya kazini wawe huru kabisa katika taaluma yao, mbele ya mwajiri na mbele yetu sisi wafanyakazi pia. Uhuru huo tuuone kwenye karatasi: kurasa zenye namba, zisizochanika kimyakimya, nakala moja kwa majeruhi mwenyewe siku ileile, na inspekta wa kazi afike mpaka kwenye kabati la dawa, asiishie ofisini kwa mkurugenzi akinywa chai.

Tusisahau zamu ya usiku. Viwanda vyetu vya shaba na kobalti vinatumia asidi ya salfa. Ikikurukia, maji mengi yatiririke papo hapo, kwa dakika nyingi, kabla ya mafuta yoyote na kabla ya gari lolote. Bomba likiwa mbali, au likiwa kavu saa nane za usiku, daktari bingwa wa asubuhi atakuta ngozi imekwisha liwa.

Na wale wa kampuni ndogo za sutretansi, zinazopewa sehemu ya kazi na kampuni kubwa? Sheria namba 17/001 ya Februari 2017 imepanga kazi hiyo wapewe akina nani. Lakini kijana wao akifika dispansari akivuja damu, anaulizwa beji kwanza. Hili linaniuma kuliko mengine yote. Mwenye mgodi atibu kila aliyeumia ndani ya ukuta wake, hesabu zao yeye na kampuni ndogo wamalizane wenyewe baadaye.

Ninyi wajumbe mnakaa katika kamati ya usalama na usafi kazini. Kikao kijacho, ombeni kitabu cha ajali kiletwe mezani, bila kutaja siri ya ugonjwa wa mtu, mkilinganishe na matangazo yaliyopelekwa CNSS. Anzeni na kurasa za usiku.