Skrubu Mbili Ndani ya Sensa: Mhadhara kwa Marubani na Mafundi wa Ndege, Mwanza

Ndugu marubani na mafundi, habari za asubuhi. Nianze na kifaa chenyewe, yaani sensa inayopima pembe ya pua ya ndege dhidi ya upepo. Ubavuni mwa pua ya ndege kuna kipande kidogo mfano wa jani, kinachogeuka kufuata upepo. Mhimili wake unazungusha potenshiomita, kipande kinachobadili mzunguko kuwa kipimo cha umeme, nayo inapeleka umeme kwa kompyuta kueleza pua imeinuka kiasi gani dhidi ya upepo. Pembe ikizidi, bawa hupoteza mnyanyuo, kwa hiyo kompyuta inapiga king'ora, inatikisa usukani, na mwisho inasukuma pua chini.

Sasa, Aprili 2019 Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo la dharura namba 2019-08-51 kwa jeti ndogo ya Cirrus SF50, yenye injini moja. Kati ya Novemba 2018 na Aprili 2019 yalitokea matukio matatu: mfumo huo wa kinga ulijiwasha wakati ndege ikiruka vizuri kabisa, kasi ipo, pua iko sawa. Ulipochunguzwa, shaka ikaangukia skrubu mbili zinazoshika mhimili wa potenshiomita kwenye mhimili wa jani. Zilionekana hazikukazwa kwa torki, yaani nguvu ya kukazia, inayotakiwa, wala hazikutiwa gundi ya kuzuia kulegea. Mtikisiko ukifanya kazi yake, jani linageuka lakini potenshiomita haifuati sawasawa. Kompyuta haina kosa hapo. Inatii namba ya uongo.

Rubani, hili likikupata unatokea ziwani usiku kuja kutua hapa, maji na anga vikiwa giza moja, usishindane na usukani kwa mkono peke yake. Bonyeza kitufe cha kukata otopailoti na *ukishikilie*. Ukikibonyeza na kukiachia, mfumo unaweza kurudi. Kifanye zoezi chini, injini ikiwa imezimwa, mpaka kidole kikipate bila kuangalia.

Fundi, agizo lilitaka sensa ibadilishwe kabla ya ndege kuruka tena. Kukaza skrubu na kuendelea si marekebisho: sensa haifunguliwi karakana isiyo na idhini, wala huwezi kuthibitisha ilivyokazwa ndani. Fuata mwongozo wa mtengenezaji, tumia spana ya torki yenye cheti cha upimaji ambacho hakijaisha muda. Kabla ya kugusa jani hakikisha kipasha joto kimezimwa; majani haya huwa ya moto kiasi cha kuunguza vidole. Zungusha jani taratibu mwisho hadi mwisho: likikwama au likirukaruka, ikatae hata kama ni mpya. Na huku kwetu, wingu la wadudu wa ziwani likitanda, funika jani ndege ikiegeshwa, na ondoa kifuniko kabla ya kuruka.

Daftarini andika namba ya agizo, tarehe, saa za ndege, namba ya sensa iliyotoka na iliyoingia, sahihi na leseni yako. Iliyotoka ifungwe lebo nyekundu siku hiyohiyo, isirudi rafu ya vipuri.