Bei Kwanza, Banda Baadaye: Kujiandaa kwa Maonesho ya Nje

REHEMA: Karibuni wasikilizaji. Mimi ni Rehema, niko na mwenzangu Masoud, tupo hapa Kurasini, Dar es Salaam. Leo tunaongea na wenye viwanda vidogo na vya kati wanaotamani kupeleka bidhaa zao kwenye maonesho ya nje. Kaka Masoud, wewe upo kwenye mambo ya forodha na usafirishaji, mimi nipo kwenye korosho. Tuanzie wapi?

MASOUD: Tuanzie Sabasaba, dada, maana wengi tumefundwa pale. Unapeleka mzigo Kilwa Road, watu wanaonja, wananunua, jioni unahesabu mauzo. Sasa mtu akipata nafasi Anuga, yale maonesho ya chakula kule Cologne, Ujerumani, anafungasha vilevile, katoni juu ya katoni. Lakini Anuga ni ya wafanyabiashara peke yao. Anayesimama mbele ya banda lako hataki pakiti moja ya kwenda kutafuna hotelini. Anataka kujua utamletea kontena lini, na kwa bei gani.

REHEMA: Hapo kwenye bei naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona wenzetu wengi wakikwama. Mnunuzi anafika, anashika sampuli, anauliza: "W320, FOB Dar es Salaam, bei gani?" Basi. Hana muda wa hadithi, kwa sababu banda linalofuata kuna mtu wa Vietnam mwenye jibu mdomoni. Ukimwambia "nitakutumia kwa barua pepe," anakupa kadi yake kwa adabu na anaendelea na safari yake.

MASOUD: FOB ni bei ya mzigo ukishapakiwa melini, hapa Dar. Wewe waeleze wasikilizaji hiyo W320.

REHEMA: Ni daraja la korosho nzima, nyeupe: kokwa 300 hadi 320 kwa ratili moja. W240 ni kubwa zaidi, na W180 kubwa kuliko hizo. Sasa sikiliza hesabu yake. Kontena la futi 20 kwa kawaida linabeba katoni 700, kila katoni kilo 22.68. Hiyo ni karibu tani 16. Ili upate kilo moja iliyobanguliwa unahitaji takriban kilo 4 hadi 5 za ghafi, yaani korosho yenye ganda lake. Kwa hiyo kontena moja linataka tani zaidi ya 60 za ghafi, pengine karibu 80.

MASOUD: Na hapo umechukulia kwamba zote zimetoka W320.

REHEMA: Na haziwezi kutoka zote W320! Mashine inakupa nzima za saizi tofauti, inakupa nusu, inakupa vipande. Ukiahidi kontena zima la daraja moja, unahitaji ghafi nyingi zaidi, na hizo daraja nyingine zote lazima uwe na pa kuziuza. Mwenye kiwanda akikaa na fundi wake wakafanya hesabu hii wakiwa bado nyumbani, atakwenda Cologne anajua aseme nini: "Naweza kontena la mchanganyiko, nusu W320, robo W240, iliyobaki vipande, kila baada ya miezi miwili." Mnunuzi makini anaiheshimu kauli hiyo kuliko "tunaweza chochote."

MASOUD: Halafu kuna suala la msimu.

REHEMA: Ndiyo, na hili linaniumiza roho kabisa. Anuga hufanyika Oktoba ya miaka isiyogawanyika kwa mbili, na SIAL, maonesho mengine ya chakula kule Paris, Oktoba ya miaka inayogawanyika. Oktoba hiyohiyo ndiyo minada ya korosho inaanza Mtwara na Lindi kupitia stakabadhi ghalani, ule mfumo wa mkulima kuweka korosho ghalani, kupewa risiti, kisha kuuzwa kwa mnada. Yaani upo bandani unaulizwa bei, na bei ya ghafi huku nyumbani inabadilika mnada kwa mnada. Suluhisho si kunyamaza. Andaa karatasi ya bei kwa kila daraja, iandike wazi kwamba inadumu hadi tarehe fulani, na wewe moyoni ujue ghafi ikipanda hadi shilingi ngapi biashara hiyo haikulipi tena. Hicho kiwango cha mwisho lazima bosi awe amekikubali kabla mtu hajapanda ndege.

MASOUD: Na kama anayekwenda si bosi?

REHEMA: Basi apewe mamlaka. Ukweli mimi ningempeleka meneja wa uzalishaji kabla ya kumpeleka ndugu wa mwenye kampuni. Kuna kiwanda nakifahamu kilipeleka watu wawili wasiojua hata unyevu wa korosho zao ni asilimia ngapi. Mnunuzi aliuliza kuhusu sumukuvu, wakatazamana.

MASOUD: Sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye chakula, kwa Ulaya hilo swali lipo tu.

REHEMA: Lipo tu. Kwa korosho ya kuliwa moja kwa moja, kikomo cha Umoja wa Ulaya ni mikrogramu 2 kwa kilo kwa aina ya B1, na 4 kwa jumla. Uwe na majibu ya maabara ya hivi karibuni, kutoka shehena halisi. Na wengi watakuuliza cheti cha usalama wa chakula, kama BRCGS au FSSC 22000. Kama bado huna, sema umefikia hatua gani na ukaguzi ni lini. Usidanganye, kwa sababu vyeti hivyo vinahakikiwa mtandaoni wakati umesimama hapohapo.

MASOUD: Nami niseme ya mizigo. Watu wanatengeneza makasha ya mbao pale Keko, mazuri, wanapakia sampuli na mapambo ya banda. Mbao ghafi haivuki hivihivi. Kiwango cha kimataifa cha ISPM 15 kinataka ipashwe joto hadi kiini chake kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, na kasha ligongwe muhuri wake. Bila muhuri, kasha linaweza kuzuiwa bandarini na wewe upo ukumbini na meza tupu. Kama huna ulazima, tumia maboksi magumu ya karatasi.

REHEMA: Na sampuli zenyewe?

MASOUD: Zipe ankara yake, iandikwe ni sampuli zisizouzwa, lakini thamani iwepo, forodha hawapendi kuona sifuri. Cheti cha afya ya mimea ukichukue mapema TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu. Na gawa sampuli: nyingine ziende na mzigo, nyingine mkononi kwenye begi pamoja na nakala za karatasi zote. Kingine kidogo: plagi zetu za pini tatu haziingii kwenye soketi za Ujerumani. Dubai zinaingia.

REHEMA: Viza je?

MASOUD: Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, unaruhusiwa kuomba miezi 6 kabla ya safari, na isipungue siku 15. Nenda mapema, na barua ya waandaaji inayoonesha namba ya banda. Na kama bajeti ni ndogo, waulizeni TanTrade, mamlaka ya maendeleo ya biashara, kuhusu banda la pamoja la nchi kabla hamjalipia la peke yenu.

REHEMA: Nakubaliana. Meza moja kwenye banda la pamoja, ukiwa na karatasi ya bei, inatosha. Sasa tumalizie na kurudi, maana wengi wakishuka Dar wanalala wiki nzima. Mimi naomba kila jioni, hotelini, mwandike kwenye daftari: huyu kataka daraja gani, kiasi gani, kaahidiwa nini. Barua pepe ya kwanza itoke ndani ya siku mbili, na iseme kitu alichokisema yeye mwenyewe.

MASOUD: Na sampuli aliyoiomba?

REHEMA: Itumwe kwa kuria, itoke kwenye shehena unayoweza kurudia kuizalisha. Usimchagulie kokwa nzuri kuliko utakazopakia kwenye kontena.

MASOUD: Asipojibu?

REHEMA: Minada ikishatulia, mwandikie tena ukiwa na bei mpya ya msimu. Hapo una sababu halali ya kumwandikia, na yeye ana namba mpya ya kupeleka kwa bosi wake.