Kulala Karibu na Mlima: Sababu za Kuizunguka Nyuzilandi kwa Gari-Nyumba

Mheshimiwa Mwenyekiti, wanachama wenzangu, na wageni wetu mlioitikia mwaliko wa jioni ya leo,

Nimeombwa nieleze kwa nini mtu atoke Afrika Mashariki, ambako wageni humiminika kila mwaka kutazama milima na wanyama wetu, aende mpaka Nyuzilandi kuzunguka ndani ya gari lenye kitanda, jiko na choo. Swali hilo ni la haki kabisa. Wengi wanaolijibu hutaja unafuu wa bei, au starehe, au uhuru wa kwenda utakako. Suala la bei nitalifikia, na sidhani kama litawafurahisha. Starehe nayo ni haba kuliko picha za matangazo zinavyodai. Hoja yangu ni nyingine, nayo inahusu hasa Kisiwa cha Kusini: huko mandhari hujitokeza na kujificha kwa kufuata saa na hali ya hewa, kwa hiyo anayeyaona vizuri ni yule anayelala jirani nayo na anayeweza kubadili safari yake asubuhi ileile bila kumwomba mtu ruhusa.

Tuanze na umbo la kisiwa chenyewe. Safu ya milima ya Southern Alps inakipasua karibu urefu wake wote, na kilele chake kirefu kuliko vyote, Aoraki, ambacho pia huitwa Mount Cook, kina mita 3,724. Kwa watu waliozoea kuitazama Kibo hicho ni kimo cha kawaida, lakini mlima ule hauko mbali na bahari, na ndiyo maana theluji yake ni nyingi kiasi kile. Upepo wenye unyevu huvuma kutoka Bahari ya Tasman upande wa magharibi, hugonga milima, hupanda, hupoa, kisha humwaga mvua yake yote upande huohuo. Milford Sound, hori lililochongwa na barafu kwenye kona ya kusini-magharibi, hupata karibu mita saba za mvua kwa mwaka. Mji wa Alexandra, ulio upande wa pili wa milima na chini ya kilomita 150 kutoka hapo kwa mstari ulionyooka, hupata milimita 350 hivi. Dar es Salaam, tunayoilalamikia kila masika, hupata kama milimita 1,100.

Maana ya tarakimu hizo kwa msafiri ni kwamba siku moja na saa moja, upande mmoja wa milima unaweza kuwa umefunikwa na wingu zito lisiloonyesha hata mti wa jirani, huku upande wa pili watu wanapaka mafuta ya kujikinga na jua. Aliyelipia hoteli kwa siku mbili katika kijiji cha Franz Josef ili auone mto wa barafu atakaa dirishani akitazama ukungu, kwa sababu fedha zake zimekwisha kuingia mahali pale. Mwenye gari-nyumba huangalia utabiri wa hali ya hewa wakati anakunywa chai, huwasha gari, na baada ya saa nne hivi amevuka Haast Pass, njia ya kupita kati ya milima, na kuingia mji wa Wānaka penye jua. Wingu likiondoka magharibi, hurudi. Njia hiyo ya Haast ndiyo ya chini kuliko njia zote zinazovuka milima ile, na haikuunganishwa moja kwa moja na pwani ya magharibi mpaka mwaka 1965. Kabla ya hapo pande mbili hizi zilikuwa karibu nchi mbili.

Mfano ulio wazi zaidi ni Milford Sound yenyewe. Inafikiwa kwa barabara moja tu, kilomita 120 hivi kutoka mji wa Te Anau, na hakuna njia nyingine ya kurudi. Ujenzi wake ulianza wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, kwa mikono ya watu waliokosa ajira, wenye sururu na mikokoteni; Handaki la Homer, linalotoboa mwamba kwa zaidi kidogo ya kilomita 1.2, lilianza kuchimbwa mwaka 1935 na halikufunguliwa kwa magari mpaka 1954. Ukiingia humo, kuta ni mwamba mtupu, maji yanadondoka kutoka juu, na barabara inateremka kwa ukali kuelekea baharini.

Mabasi ya watalii yanayotoka Queenstown husafiri karibu kilomita 290 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, kwa siku moja. Kwa hiyo hulazimika kuondoka alfajiri, kufika Milford saa za mchana pamoja na mabasi mengine yote, kuwapandisha abiria melini na kuwashusha, kisha kugeuza. Abiria wao hawakukosa kuona. Waliona kile kinachoonekana saa sita mchana wakiwa katikati ya umati. Aliyelala Cascade Creek, kambi ya serikali iliyo kandokando ya barabara ileile ndani ya Bonde la Eglinton, huamka akiwa amekwisha kumaliza sehemu kubwa ya safari, na anaweza kufika majini wakati kilele cha Mitre, chenye karibu mita 1,700, bado kinajiangalia kwenye maji yaliyotulia. Na mvua ikinyesha usiku kucha, asinung'unike. Katika hori lile maporomoko ya kudumu ni mawili tu, Bowen na Stirling. Mengine, na huwa mamia, huzaliwa na mvua na hufa saa chache baada ya mvua kukatika. Ni mahali pachache duniani ambapo ningemshauri mtu atangulie kuomba mvua, kisha aombe jua la kesho yake.

Karibu na mlango wa handaki utakutana na kea, kasuku wa milimani mwenye manyoya ya kijani kilichofifia, mdomo mrefu uliopinda, na rangi ya chungwa iliyokolea chini ya mbawa, ambayo huioni mpaka aruke. Hutua juu ya paa la gari, utasikia kucha zake zikitembea juu ya kichwa chako, kisha huinamia ukingo wa kioo cha mbele na kuanza kuuvuta mpira kwa utulivu wa fundi anayelipwa kwa saa. Usimpe chakula hata akikutazama kwa huruma. Chakula cha binadamu kinamdhuru, na kikimzoesha magari humponza.

Kiumbe mwingine sina budi kumtaja, kwa kuwa wauza safari humsahau, naye ni usubi. Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi ile, husimulia kwamba Hine-nui-te-pō, mungu wa kifo, alipoiona Milford ilivyo nzuri aliogopa kwamba watu wangetaka kubaki hapo daima, akawaachilia usubi wawafukuze. Baharia James Cook, aliyetia nanga Dusky Sound mwaka 1773, aliandika malalamiko juu ya wadudu hao katika kumbukumbu za safari yake. Gari-nyumba lina nyavu madirishani. Tumieni nyavu hizo, na msiache mlango wazi mnapopika.

Upande wa mashariki hali ni tofauti, na sababu ya kulala garini ni tofauti pia. Maziwa ya Tekapo na Pukaki yana maji ya buluu isiyo ya kawaida, kwa sababu mito ya barafu inayosaga mwamba hutoa vumbi laini sana lisilozama upesi, na vumbi hilo ndilo linalotawanya mwanga. Rangi hiyo hubadilika kadiri jua linavyosogea, kwa hiyo anayepita kwa dakika kumi huondoka na rangi moja tu. Eneo hilo la Aoraki na Mackenzie lilitambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya kimataifa ya anga la giza, na taa za miji yake zimedhibitiwa ili nyota zionekane. Nyota hazifuati saa za kifungua kinywa. Katika kambi ya White Horse Hill, chini ya Aoraki kabisa, mtu hutoka kitandani saa nane za usiku, hufungua mlango, na yuko mahali penyewe. Na kulipopambazuka njia ya miguu ya Bonde la Hooker inaanzia palepale alipoegesha.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Uhuru ninaouelezea haukuota wenyewe. Karibu theluthi moja ya ardhi ya Nyuzilandi iko chini ya idara ya serikali ya hifadhi, Te Papa Atawhai, iliyoundwa mwaka 1987, na idara hiyo inatunza kambi nyingi zinazofikika kwa gari, baadhi zikiwa na choo na bomba la maji tu, nyingine zikiwa na jiko la pamoja. Kuna pia kambi za watu binafsi zenye bafu la maji moto na soketi za umeme za kuchomeka gari. Wananchi wenyewe ni wapenzi wa magari haya, na chama chao cha wenye magari-nyumba kimekuwapo tangu 1956. Wageni tumekuta mambo yameandaliwa.

Yameandaliwa pamoja na sheria. Sheria ya mwaka 2011 inaruhusu watu kulala katika maeneo ya umma yasiyo ya kulipia, ila halmashauri zina mamlaka ya kuwekea mipaka maeneo hayo au kuyafunga, nazo huyatumia. Wageni walipozidi, na baadhi yao wakaacha uchafu wa aibu vichakani na kando ya maziwa, sheria nyingine ilipitishwa mwaka 2023, ambayo inalitaka gari linalohesabiwa kuwa linajitosheleza liwe na choo kilichofungwa imara ndani yake. Kile cha kubebeka hakikubaliki tena kwa gari linaloomba cheti kipya. Kujitosheleza huko kumepimwa: gari liweze kuwahudumia waliomo kwa siku tatu bila kuongeza maji wala kumwaga taka, na maji safi yawe angalau lita nne kwa kila mtu kwa siku. Mimi naiona sheria hiyo kuwa ya haki, na nasikitika tu kwamba ilihitajika.

Kwa hiyo mjue mapema kwamba kila baada ya siku mbili au tatu kuna kazi isiyopigwa picha. Unafika kwenye kituo cha majitaka, ambacho miji mingi inacho. Unaunganisha bomba la maji ya sinki na ya bafu na kuyaacha yateremke. Unavaa glavu, unachomoa kasha la choo kwenye kijimlango cha ubavuni, unalimimina taratibu shimoni, unalisuuza kwa bomba lililotengwa kwa kazi hiyo, unatia dawa, unalirudisha. Bomba la maji ya kunywa liko kando, na halichanganywi na lile la kusuuzia. Asiyeweza kazi hiyo akodishe gari dogo na alale hotelini, wala hatakuwa amepungukiwa na kitu mbele ya watu.

Kuhusu udereva, tuna bahati. Nyuzilandi huendesha kushoto kama sisi, na nusu ya magari utakayokutana nayo yangefanana na ya Mombasa au Mwanza, kwa kuwa nao huagiza yaliyotumika Japani. Kinachohitaji uangalifu ni madaraja ya njia moja, hasa pwani ya magharibi: ukikuta kibao cha duara ambamo mshale wako ni mwekundu na mdogo, unasimama na kumpisha anayekuja. Kati ya Mei na Novemba barabara ya Milford huhitaji kubeba minyororo ya matairi, na hufungwa kukiwa na hatari ya maporomoko ya theluji. Upepo wa kaskazini-magharibi katika tambarare za Canterbury unalisukuma gari refu pembeni, kwa hiyo shika usukani kwa mikono miwili na punguza mwendo.

Barabara zenyewe si za kuaminiwa kila siku. Tetemeko la Novemba 2016 karibu na Kaikōura liliifunga barabara kuu ya pwani ya mashariki kwa zaidi ya mwaka mmoja, na Machi 2019 mafuriko yalilisomba daraja la Mto Waiho karibu na Franz Josef. Katika nchi ya namna hiyo, kuwa na kitanda, maji na chakula ndani ya gari ni tahadhari kabla ya kuwa starehe.

Sasa bei. Katika miezi ya Desemba hadi Februari, kukodi gari-nyumba la watu wanne kunaweza kuzidi gharama ya gari dogo pamoja na vyumba vya kawaida, na hapo hujaongeza bima, kivuko cha kati ya Wellington, iliyo Kisiwa cha Kaskazini, na Picton, iliyo Kisiwa cha Kusini, na tozo ya barabara inayolipwa kwa kila kilomita ambayo gari la dizeli limetembea. Machi, Aprili na Oktoba bei hushuka na kambi huwa na nafasi. Tena makampuni mara nyingi hubaki na magari mengi kusini yanayotakiwa kurudishwa Auckland, na humpa dereva kwa malipo madogo sana, kwa sharti la kuyafikisha ndani ya siku chache. Kwa kijana asiye na mzigo hiyo ni nafasi nzuri, kwa familia ni mbio.

Sisi wa Kenya na Tanzania tunahitaji viza, na iombwe mapema. Wengi wetu tutapitia Dubai au Doha, na safari ile ni ndefu kiasi kwamba namsihi kila mmoja alale usiku mmoja mjini kabla ya kupokea funguo. Nikiulizwa pa kuanzia, nasema Christchurch: nenda Tekapo na Aoraki, shuka Queenstown mpaka Te Anau, kisha panda Wānaka, vuka Haast na urudi kwa Arthur's Pass, njia nyingine inayovuka milima. Katika mpango huo acha siku mbili au tatu zisizoandikwa kitu chochote, uzitumie Te Anau, ukingoja anga la Milford lifanye litakalo. Sasa nakaribisha maswali.