Mshenga wa Ekari 640

Ndugu wasikilizaji, wapenzi wa riwaya, karibuni.

Nimeombwa nizungumzie riwaya za mapenzi za Magharibi ya Marekani, zile zinazoturudisha karne ya 19: farasi, vumbi, bunduki juu ya mlango, na ndugu wa tumbo moja, watatu, wanne au saba, ambao kila mmoja lazima apate mchumba kabla mfululizo haujaisha. Kitabu cha kwanza ni cha kaka mkubwa, mnunaji. Cha pili ni cha yule mcheshi. Cha tatu ni cha aliyerudi vitani na kovu na hataki kuulizwa. Kitinda mimba huachwa mwisho. Wachapishaji wanaupenda mpango huu, na sababu haijifichi: msomaji akishamzoea kaka mmoja, wadogo zake hujiuza wenyewe.

Lakini biashara ya vitabu haitoshi kueleza. Ndugu hawa walizaliwa na sheria ya ardhi kabla hawajazaliwa na mwandishi yeyote, na mshenga wa kwanza katika mapenzi yao alikuwa serikali. Mwandishi anayelijua hilo hutuandikia riwaya. Asiyelijua hutuandikia vifua vya wanaume na machweo.

Tuanzie Oregon. Wengi wenu mmeiona ile filamu ya mwaka 1954 ya ndugu saba na wachumba saba. Kaka mkubwa anateremka mjini asubuhi kutafuta mke, na jioni anapanda mlimani na mke. Watazamaji hucheka, nani anaoa hivyo? Hadithi imewekwa mwaka 1850, Oregon. Basi sikilizeni kilichotokea mwaka huohuo. Mwezi Septemba Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kugawa ardhi ya Oregon kwa walowezi waliokwisha kufika. Mwanamume kapera alipewa ekari 320. Mwenye mke alipewa 640, yaani maili moja ya mraba kamili, na nusu yake iliandikwa kwa jina la mke mwenyewe. Masharti: ukae juu yake na ulime miaka minne. Na kapera aliongezewa muda. Akioa kabla ya mwaka mmoja kupita tangu tarehe 1 Desemba 1850, naye angehesabiwa mwenye mke.

Jifikirie wewe ni kijana wa miaka 24, kibanda chako kimoja, mvua ya Oregon haikatiki, na kalenda iko ukutani. Wanawake ni wachache. Ekari 320 nzima zinakungoja upande wa pili wa ndoa. Kwa hiyo yule kaka wa filamu hakuwa kichaa hata kidogo. Alikuwa na haraka ya kisheria. Haraka hiyo ilikuwa na uso mbaya pia: wasichana ambao sisi leo tungewaita watoto waliozwa kwa wanaume wazima kwa ajili ya ardhi. Riwaya nyingi hupita hapo kwa mwendo wa kunyata.

Mwaka 1862, tarehe 20 Mei, Rais Lincoln alitia saini Sheria ya Homestead. Hii ndiyo iliyojaza riwaya nyingi mnazozisoma, hasa za Kansas, Nebraska na Dakota. Mtu mwenye miaka 21, au mkuu wa kaya, aliweza kudai ekari 160, mradi ajenge, alime na aishi hapo miaka mitano. Wapimaji walikuwa wameikata nchi kwa miraba ya maili moja, ekari 640 kila mraba. Gawanya kwa 160. Unapata nne. Ndugu wanne, robo nne, mraba mmoja mzima wa familia! Watu walifanya hesabu hiyo kabla ya mwandishi yeyote.

Na ujanja ulikuwepo. Kwa kuwa kila mdai alipaswa kukaa kwenye ardhi yake, ndugu walijenga nyumba moja juu ya mstari wa mpaka: kitanda cha huyu kikalala kwenye ekari zake, cha yule kwenye zake, na jiko katikati. Miaka ikitimia, ulileta mashahidi wawili waape kwamba ulikaa kweli. Wapo walioapa kuwa kuna nyumba “kumi na mbili kwa kumi na nne”, bila kutaja kama ni futi au inchi. Kibanda chenyewe ungeweza kukikumbatia. Mwandishi wa vichekesho asiyetumia jambo hili namhurumia.

Sasa mwanamke. Asiye na mume, mjane au mseja, naye aliweza kudai ekari zake 160. Aliye na mume, kwa kawaida hakuweza. Hapo ndipo penzi linapokuwa na uzito. Jirani wa wale ndugu ni mwalimu wa shule, yuko mwaka wa tatu kwenye ardhi yake. Kaka wa pili anamposa. Wakioana leo, mtu na mkewe hawahesabiwi kuwa wanakaa makazi mawili tofauti, kwa hiyo dai moja liko hatarini, na mnajua kwa mila ya wakati ule lingekuwa la nani. Mwanamke anayejibu “ningoje miaka miwili” haringi. Analinda kitu cha kwanza maishani mwake chenye jina lake. Mimi tukio la namna hiyo linanigusa kuliko mabusu yote ya chini ya mti.

Isitoshe, miti yenyewe iko wapi? Kwenye nyanda zile nyumba ilijengwa kwa mabonge ya udongo yenye mizizi ya nyasi, yaliyokatwa kwa plau na kupangwa kama matofali. Mvua ikinyesha, paa lilivuja tope ndani ya supu, na liliendelea kudondosha baada ya mvua kukatika. Wanawake walitungika kitambaa chini ya dari kuzuia udongo na nyoka. Kuni hakuna, walichoma mavi makavu ya nyati, na ya ng'ombe. Kisha nafungua riwaya nakuta binti anaoga maji ya moto yenye marashi kila jioni. Nani aliyachemsha?

Kuna jambo haliwezi kupitwa. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Oregon iligawiwa mwaka 1850 kabla mikataba na wenyeji haijakamilika. Mwaka 1855 na 1856 ikafuata vita ya walowezi na wenyeji katika bonde la Rogue River, na wenyeji walionusurika wakahamishiwa Siletz na Grand Ronde, maeneo waliyotengewa. Riwaya ikiwa na uzio mpya katika sura ya kwanza, nauliza ulipitishwa wapi.

Wala walowezi wote hawakupewa. George Washington Bush, mtu mweusi, alifika Oregon mwaka 1844 na mkewe Isabella, mzungu, pamoja na watoto wao wa kiume. Serikali ya muda ya huko ilikuwa imepiga marufuku watu weusi kukaa. Yeye na wenzake wakavuka kaskazini ya mto Columbia, wakaanzisha makazi palipo mji wa Tumwater leo, katika jimbo la Washington. Alikopesha nafaka wageni waliofika na njaa. Sheria ya 1850 haikumtambua. Ilihitajika sheria ya pekee ya Bunge, mwaka 1855, ndipo familia ikapata ekari zao 640. Kifungua mimba, William Owen, baadaye alipata tuzo kwa ngano yake kwenye maonyesho ya Philadelphia ya 1876, na mwaka 1889 akaingia katika bunge la kwanza la jimbo la Washington.

Vijana sita kwa jumla, shamba moja. Kama kuna mwandishi humu ndani, ningemshauri afungue kitabu chake mwaka 1855, habari ikiwa bado njiani kutoka mji mkuu, William Owen ana miaka kama 23, na hajui kama shamba atakalompeleka mchumba wake ni lao.