Ngamia wa Citroën na Jaguar ya Shemeji

ZUHURA: Leo kipindini ni magari mawili ya zamani, Jaguar E-Type ya Waingereza na Citroën SM ya Wafaransa: lipi ndilo gari la safari? Na Salim kaandika mafunzo matatu ya kumalizia, ya anayetaka kununua. Lakini kwanza niwape ya Jumanne. Yule mzee wa ghorofa ya pili hapa Paris kanipa lifti kwa SM yake.

SALIM: Mzee wa paka?

ZUHURA: Huyohuyo. Gari limelala, tumbo karibu liguse lami. Nikafunga mkanda, akawasha. Salim, likaanza kuinuka! Nyuma kwanza, kisha mbele. Nikapiga bismillahi.

SALIM: Kama ngamia wa ufukwe wa Bamburi.

ZUHURA: Nilijua utasema. Mle hamna springi za chuma, ni mafuta na gesi ya naitrojeni. Ukizima, presha inashuka polepole, gari linapiga magoti.

SALIM: Na hapo unamlipa mwenye ngamia.

ZUHURA: Wacha mzaha. Usukani mizunguko miwili tu, kushoto kabisa hadi kulia kabisa. Ukiuachia unarudi katikati wenyewe, hata gari limesimama. Niliuona, mzee kaweka mikono mapajani.

SALIM: Ngamia anajua njia ya nyumbani.

ZUHURA: Na injini ni ya Maserati, wale Waitaliano! V6, yaani silinda sita, lita 2.7. Citroën waliishika Maserati 1968, SM ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva 1970.

SALIM: E-Type ilikwishafika Geneva 1961. Watu walivyofurika, Norman Dewis, dereva wa majaribio wa Jaguar, akaambiwa alete ya pili kutoka huku Coventry, Uingereza, akaendesha usiku kucha. Silinda sita, lita 3.8, boneti ndefu kama omo la jahazi. Hilo ndilo gari la safari: mkono unajua tairi inakanyaga nini.

ZUHURA: Gari la safari ni lile unaloshuka na mgongo wako mzima. Mwezi jana ulishuka kwenye E-Type ya shemeji unatembea kama mzee wa miaka tisini.

SALIM: Nilishuka nacheka. Kwenye SM hujui umekanyaga jiwe au mkate.

ZUHURA: Mbona ilishinda mbio za Morocco 1971? Kule mawe matupu.

SALIM: Morocco! Ngamia karudi kwao!

ZUHURA: (anacheka) Astaghfirullah. Mmeona, hakuna kipindi tena.

SALIM: La, hapa sitanii. Usukani unaojirudisha wenyewe unamfanya dereva abiria.

ZUHURA: Basi niwe abiria, nifike Nice nikiwa mzima. Sisogei.

SALIM: Nami sisogei.

ZUHURA: Haya.

SALIM: Tuna dakika ngapi?

ZUHURA: Moja na nusu.

SALIM: Na mafunzo yangu? La kwanza ni cheni ya taimingi ya hiyo V6, kabla hujanunua umwambie fundi...

ZUHURA: Wiki ijayo.

SALIM: Ndivyo ulivyosema wiki jana kwa giaboksi!

ZUHURA: Ngoja, simu. Ni mzee. Yuko chini ananisubiri, gari limesimama.

SALIM: Limesimama, au limeamka?